Chupa ya Bibi na Mhimili Uliolala

Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Machi mwaka 2019, saa moja na nusu asubuhi, mlango wa bafu uligoma kufunguka, na Bibi alikuwa ndani.

Bibi hakupiga kelele. Yeye alikuwa mama mzazi wa mwenye nyumba, na mtu wa cheo hicho hapigi kelele bafuni. Aligonga mara mbili kwa kikombe cha mswaki, akangoja, akagonga tena, kisha akauliza kwa utulivu kama katika nyumba hii kulikuwa na kiumbe hai. Mkwe wake, Mama Mapacha, aliacha birika jikoni akakimbilia kitasa. Mwanawe, fundi wa mageti ambaye mtaa mzima ulimwita Mlingoti kwa urefu wake, alikuja na bega lake. Mke alivuta, mume akasukuma, na kwa kuwa walifanya hivyo kwa wakati mmoja, mlango ulibaki palepale ukiwasikiliza. Ndipo Mlingoti alipomwomba mkewe asogee, akarudi nyuma hatua tatu, akaja kwa kasi. Mlango ulifunguka mapema kuliko alivyotarajia. Aliingia nao, akateleza kwenye sabuni, akatua kwa magoti yote mawili mbele ya mama yake, mkono mmoja ndani ya ndoo.

Bibi, aliyekuwa amejifunga taulo hadi kwapani, alimtazama kwa kitambo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akampita akaenda zake.

Mlango ule haukuwa mkaidi tangu kuzaliwa kwake. Ulikuwa ukifunguliwa kwa kidole kimoja hadi wiki tatu zilizopita, Mlingoti alipopitisha mhimili wa chuma kutoka ukuta wa mashariki hadi ukuta wa magharibi ili ubebe chumba cha juu. Juu ya mhimili huo zilikaa boriti za mbao, juu ya boriti zikapigiliwa mbao za sakafu, na juu ya sakafu yakapandishwa matofali mia nne ya kujengea kuta. Fremu ya mlango wa bafu ilikuwa chini ya mhimili, imegusana nao kama kichwa na kofia.

Ulikuwa mhimili wa urefu wa hatua saba, wenye umbo ambalo mtu yeyote aliyefika ukurasa wa tatu wa kitabu cha kisomo angelitambua. Ukiusimamisha na kuutazama ncha yake, unaona herufi I iliyovaa kofia na viatu. Ukiulaza ubavu, ni herufi H. Siku ya kwanza Mlingoti alikuwa ameusimamisha, kwa sababu ndivyo ulivyoshushwa kutoka kwenye gari. Kisha alipita chini yake kwenda kunywa maji, akaupiga kwa paji la uso, akakaa chini bila kukusudia. Jioni ile ile aliwaita vijana wanne wakaulaza. Kwa kuulaza alipata nafasi ya upana wa kiganja juu ya kichwa chake, na akapata pia falsafa.

"Kilichosimama ndicho huanguka," aliwaambia waliokuja kutazama. "Nani amewahi kusikia mtu aliyelala ameanguka?"

Seremala wa mtaa alisema yeye amewahi, kutoka kitandani, lakini hakuna aliyemsikiliza. Kesho yake kibao cha karakana ya Mlingoti, kilichokuwa kikisema MAGETI NA MADIRISHA, kiliongezewa NA MAGHOROFA kwa rangi nyekundu.

Chumba kile cha juu hakikuwa cha kupangisha wala cha fahari. Mama Mapacha alikuwa mwanafunzi wa darasa la watu wazima, yeye na wanawake wenzake thelathini na mmoja, na darasa lao lilikuwa likisomea stoo ya nyuma ya zahanati. Zahanati sasa ilitaka stoo yake kabla ya mwezi kwisha. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba pasipopatikana mahali, darasa litafungwa, na waliofika herufi M wabaki na M yao. Mama Mapacha ndipo aliposimama, akasema mume wake anajenga chumba. Mumewe alikuwa na wazo la stoo ya vyuma, lakini aliposikia mtaani kwamba amejitolea, alipongezwa na watu wengi mno kiasi cha kushindwa kukana. Siku ya kuhamia ilipangwa: Jumamosi, tarehe 30. Siku hiyo wanawake thelathini na wawili wangepanda juu ya mhimili ule, na Mama Mapacha angesoma ukaribisho kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

⁂

Seremala aliitwa. Alikuja na randa yake, akaung'oa mlango, akauranda chini, kwa maana milango yote aliyowahi kuitibu ilikuwa ikikwama chini. Akaurudisha. Ukafunguka siku tatu.

Siku ya nne Bibi aligonga tena kwa kikombe. Seremala akarudi, akauranda chini zaidi. Sasa mlango ulikuwa na mwanya ambao paka aliutumia bila kuinama, na Bibi akapata adha mpya, kwa sababu bafu lilikuwa kwenye ujia wa kuingilia sebuleni. Wageni walianza kuitambua miguu yake. Walisimama kwa heshima, wakauamkia mwanya, wakauliza hali ya magoti, na Bibi, akiwa na sabuni machoni, alilazimika kujibu. Siku moja mpokea michango ya ulinzi wa mtaa alikaa pale nje robo saa nzima akimsimulia harusi ya mpwa wake.

Mara ya tatu Seremala hakushika randa kwanza. Alipitisha kidole juu ya mlango, kati ya ubao na fremu, akaona ulipobana. Akauranda juu, vidole viwili. Siku mbili baadaye ulibana palepale. Alipoitwa mara ya nne alikuja mikono mitupu, akasimama chini ya mhimili, akautazama kwa jicho moja kama watu wa kazi yake wanavyotazama ubao uliopinda. Kisha akazungumza na Mama Mapacha pembeni, kwa kuwa Mlingoti alikuwa karakanani.

"Shemeji, mbao hunenepa wakati wa mvua, na mvua haijanyesha. Mlango wako haukui. Mimi naranda mbao. Siwezi kuranda nyumba."

Mama Mapacha alimwuliza maana yake. Seremala akasema hana maana yoyote, yeye ni mtu wa mbao tu, vyuma vina wenyewe, na mwenye vyuma hapa ana kibao barabarani. Akaomba maji ya kunywa, akayanywea nje.

⁂

Wakati huo huo Bibi alikuwa na kesi nyingine. Mhimili uliolala ulikuwa na mfereji mrefu mgongoni mwake, wenye kingo pande zote mbili, na boriti zilipita juu ya kingo hizo zikiuacha mfereji wazi chini yake. Bibi aliupenda tangu siku ya kwanza. Alisema kwa miaka yote aliyoishi na mwanawe hii ndiyo rafu ya kwanza aliyopata ambayo mapacha hawaifikii. Mapacha wenyewe, wasichana wa miaka tisa, walikuwa na tabia ya kugeuza kila kitu cha bibi yao kuwa mchezo. Basi kila baada ya chakula Bibi alipanda kigoda chake mwisho wa ukuta wa mashariki, karibu na kitanda chake, akailaza pale chupa yake ya vidonge vya magoti. Chupa ilikuwa fupi, ya duara, nene kama kidole gumba cha mwanawe.

Kila alipoirudia, haikuwapo.

Mara ya kwanza alidhani amesahau. Mara ya pili aliipata, baada ya kusogeza kigoda hatua kwa hatua huku akipapasa, katikati kabisa ya mhimili. Mara ya tatu, nne na tano, vilevile. Bibi si mtu wa kumtuhumu mtu bila ushahidi, kwa hiyo alianza kumtuhumu bila kumtaja. Alisema akiwa mezani kwamba zamani mkwe aliogopa hata kugusa kikombe cha mama wa mume, lakini siku hizi watu wakishajua kusoma wanasoma mpaka chupa za dawa za wenzao. Mama Mapacha aliapa kwamba hajagusa. Bibi akasema hakumtaja mtu. Mama Mapacha akasema mezani wako watatu na mmoja ni mwana wa Bibi mwenyewe. Mlingoti akainama kwenye sahani yake, akala kwa bidii kubwa.

⁂

Mitaa miwili kutoka pale lilikuwa likisimamishwa ghala kubwa la nafaka, na Mama Mapacha aliwauzia mafundi wake chai na mkate saa nne asubuhi. Miezi miwili alikuwa akimimina chai chini ya mifupa ile ya chuma bila kuinua macho. Jumatatu tarehe 18, maneno ya Seremala yakimzunguka kichwani, aliinua. Alihesabu mihimili kumi na minne. Yote ilikuwa herufi I. Hakuona H hata moja.

Msimamizi wa kazi alikuwa mzee mfupi, mnene, wa kichwa kipana, na wafanyakazi walimwita Bolti. Mama Mapacha alimpa kikombe kilichojaa zaidi ya vingine, akamwuliza kwa nini hakuulaza hata mmoja. Bolti aliuliza nani anataka kujua. Akajibu, kuna jirani.

Bolti alikuwa mtu aliyependa kuulizwa, na kwa kuwa vijana wake hawakuwahi kumwuliza chochote ila saa ya kutoka, aliketi. Alimwuliza kama katika kikapu chake ana kitu chembamba, kirefu na bapa. Mama Mapacha alifungua daftari la kisomo, akatoa rula. Bolti akaweka vikombe viwili mbali mbali, akailaza rula juu yake kama daraja, akaweka pakiti ya sukari katikati. Rula ikapinda hadi karibu kugusa meza. Kisha akaisimamisha kwa ubavu wake mwembamba, akaishika kidogo pande mbili isianguke, akamwambia aweke sukari yeye mwenyewe. Aliweka. Rula haikutikisika. Akaongeza pakiti ya pili na mkate. Rula ikakaa kimya kama haikuambiwa.

Ilikuwa rula ile ile. Mama Mapacha aliigeuza mkononi mara kadhaa akiitafuta siri yake.

Bolti akaeleza, na maelezo yake yalikuwa marefu kuliko chai. Alisema nguvu ya mhimili haipo katika uzito wake, ipo katika kimo chake. Ule wa jirani, kama ni wa ukubwa anaoudhani, ukisimama ni mgumu kupinda mara kumi na zaidi kuliko ukilala. Kofia ya juu hubanwa, viatu vya chini huvutwa, na ubao wa katikati kazi yake ni kuviweka mbali visionane. Ukiulaza umevikutanisha. Alisema tena kwamba uliosimama una udhaifu wake, hupenda kulala ubavu kama rula isiyoshikwa, ndiyo maana hufungwa pembeni na boriti zake. Na kila ncha yake huketi juu ya sahani nene ya chuma, ili isiutafune ukuta. Kisha akanyoosha kidole juu, akamwonyesha njia ya mzigo: bati linaupa mhimili, mhimili unaipa nguzo, nguzo inaupa msingi, na msingi unaipa ardhi.

"Kila mmoja anapokea na kupitisha," akasema. "Anayebaki na mzigo ndiye anayetuua."

Mama Mapacha aliuliza jirani angejuaje kwamba wake umechoka.

"Chuma ni muungwana, mama. Hakivunjiki ghafla, huinama kwanza. Hubisha hodi. Milango hukwama. Mwambie jirani yako akisikia hodi aitikie."

⁂

Jioni ile Mama Mapacha alingoja mume wake ale, anawe, akae. Kisha akaweka vikombe viwili mezani na rula juu yake. Alifanya yote kama alivyofanyiwa, kwa sukari ile ile. Alifanya kwa uangalifu mkubwa na kwa sauti ya chini, na hakutaja kibao, wala paji la uso, wala Seremala.

Mlingoti alitazama hadi mwisho. Rula iliposimama na kubeba sukari na mkate, alikohoa. Akasema rula ni mbao na mhimili ni chuma, kwa hiyo mfano umekufa. Akasema yeye amechomelea mageti miaka kumi na saba na halijaanguka hata moja. Mkewe akamjibu, kwa adabu, kwamba watu hawasomei juu ya geti.

"Kisomo kimekupa herufi ishirini na nne," Mlingoti akasema, "nazo hujazimaliza. Tayari unataka kunifundisha vyuma."

Alijua, neno lilipokuwa bado liko njiani, kwamba lilikuwa baya, lakini lilishatoka. Mama Mapacha alikusanya vikombe. Akasema amezimaliza tangu Februari, ila hakuna aliyemwuliza. Kisha akasema jambo moja zaidi, nalo alilisema akiwa amempa mgongo: kwamba tarehe 30 hatawapandisha wenzake. Ataenda mwenyewe kwa Mwalimu kumwambia darasa lifungwe, na sababu atakayoitoa ni kwamba yeye alidanganya, hakuna chumba.

Bibi, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitandani, alimuunga mkono mwanawe. Aliuliza mhimili ukisimamishwa rafu yake itakwenda wapi. Na akaongeza kwamba mwenye kutaka kugeuza mhimili ndiye yule yule mwenye kuhamisha dawa, na sasa yeye anataja.

Asubuhi yake chupa haikuwapo tena mahali pake, na Bibi alitangaza kwamba hataki chai ya nyumba hii mpaka kesi isikilizwe. Mama Mapacha akasema na yeye anataka isikilizwe. Mwenye nyumba akawekwa katikati ya mama na mke, mahali ambapo mwanamume mwenye akili hukumbuka ghafla kwamba ana safari. Lakini Mlingoti alikuwa hajavaa viatu.

Alianza kama hakimu. Alimwuliza mama yake aliiweka wapi. Bibi akaonyesha mwisho wa ukuta wa mashariki. Alimwuliza mke wake alikuwa wapi. Akajibu alikuwa kitandani, pembeni ya hakimu. Mlingoti akanyoosha mkono, na kwa kuwa yeye peke yake katika nyumba ile hakuhitaji kigoda, aliichungulia chupa kwa macho yake mwenyewe. Ilikuwa katikati, nayo haikuwa peke yake. Palikuwa na gololi ya mapacha, sarafu mbili, kitufe cha shati lake la kazi, na penseli nyekundu ya kisomo ambayo mkewe alikuwa ameitafuta wiki mbili huku yeye akimwambia hana uangalifu.

Mlingoti aliichukua chupa, akatembea nayo hadi mwisho wa ukuta, akailaza mferejini, akaondoa mkono.

Chupa ilikaa kwa pumzi moja. Kisha ikaanza kutembea. Ilipita chini ya boriti ya kwanza polepole, ya pili kwa haraka kidogo, vidonge vikilia ndani yake kama kayamba, na Mlingoti akaifuata chini yake kwa miguu mitupu, shingo juu, hatua kwa hatua, hadi ilipogonga gololi ikatulia. Akaichukua tena. Akaipeleka ukuta wa magharibi, upande mwingine kabisa, akaiachia. Ikarudi katikati ile ile.

Bibi alimtazama mkwe wake, kisha chupa, kisha mkwe wake.

"Basi ni yenyewe," Bibi akasema. Baada ya muda akaongeza kwamba chai, kama bado ipo, angekunywa.

Mlingoti aliendelea kusimama pale. Mke wake alitegemea kwamba atakasirika, na alikuwa ameandaa uso wa kukasirikiwa. Lakini yeye alikuwa akitazama juu, palipo matofali mia nne, akihesabu midomo ikicheza. Na aliokuwa akiwahesabu hawakuwa matofali. Walikuwa wanawake thelathini na wawili, na miongoni mwao mmoja amesimama mbele, na karatasi mkononi.

"Huyo aliyekuonyesha rula," akauliza hatimaye. "Anapatikana saa ngapi?"

⁂

Mlingoti alimkuta Bolti akihesabu nati. Alimsalimu, akasifu ghala, akasifu hali ya hewa, akasema kuna jirani yake mmoja ana tatizo dogo la mhimili. Bolti aliendelea kuhesabu hadi alipofika mwisho.

"Jirani yenu huyo ana bahati," akasema. "Jana alisemewa na mwanamke, leo na mwanamume. Mimi nikiwa na shida hata mbwa wangu hajitokezi."

Alikubali kuja Jumapili. Hakutaka malipo ya kazi. Alitaka jirani mwenyewe awepo, ashike jeki kwa mkono wake.

Jumapili tarehe 24 matofali yaliteremshwa kwanza, moja moja, na mapacha wakayahesabu kwa sauti hadi walipogombana kwenye mia mbili na kumi. Kisha nguzo za muda zikasimamishwa chini ya boriti, na jeki zikainuliwa hadi mhimili ukawa haubebi kitu. Ndipo uliposhushwa na kutolewa uani. Ulipolala pale juani, mpindo wake haukuonekana tena kwa macho matupu. Bolti aliugusa kwa kiatu, akaupima kwa uzi. Ulikuwa umenyooka tena karibu wote. Akasema haukuwa umeharibika, ulikuwa umechoka tu, na kwamba ungengoja hadi tarehe 30 pengine asingesema hivyo. Mlingoti hakumwuliza angesema nini.

Walichimba ukuta chini kwa upana wa kiganja pande zote mbili, wakaweka sahani za chuma, wakausimamisha mhimili juu yake, herufi I yenye kofia na viatu. Mlingoti mwenyewe alichomelea vishikio vya kuzifunga boriti pembeni, na hapo, mbele ya Bolti na vijana wake, alichomelea mshono ulionyooka na safi kiasi kwamba Bolti aliinama kuutazama mara mbili. Kisha aliwaita vijana wake nao wautazame. Mlingoti alivua miwani ya kazi, akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko jasho lililokuwapo.

Alipogeuka kwenda kunywa maji, aliupiga mhimili kwa paji la uso.

Seremala alikuja Jumatatu kutengeneza fremu fupi. Aliutazama mlango aliouranda juu na chini, akakiri kwamba hakuna haja ya kuukata, kwa kuwa yeye na mhimili walikuwa wameshaumaliza. Aliongeza ubao chini. Miguu ya Bibi ikarudi kuwa siri ya familia.

⁂

Jumamosi tarehe 30 wanawake walikuja na viti vyao vichwani. Mwalimu aliwaomba wapande ngazi mmoja mmoja na waketi polepole. Walipanda kwa makundi wakaketi kama kawaida yao, na mmoja mwenye mwili mkubwa, muuza mkaa, akakanyaga sakafu mara mbili kwa nguvu ili kujua kama nyumba ya mwenzao ina heshima.

Bibi hakupanda, alibaki chini. Alikuwa juu ya kigoda chake. Mhimili uliosimama ulimnyima mfereji lakini ulimpa ukingo mwembamba juu ya viatu vyake, upande wa kitanda, na mwisho wa ukingo huo, karibu na ukuta, alikuwa amelaza chupa yake. Aliweka mikono kiunoni, akaikazia macho kama askari wa zamu. Kando yake alisimama Mlingoti, shingo imeinama upande, kwa sababu pale alipotaka kusimama palikuwa chini ya mhimili kabisa. Mama yake alimwambia asogee, hapo ataumia. Akasema hapo panatosha. Kama kuna la kuwapata walioko juu, alitaka limkute yeye kwanza.

Juu yao viti vilikwaruza, vikatulia. Kisha sauti ya Mama Mapacha ikaanza, ikakwama kwenye neno la kwanza, ikakohoa, ikalirudia. Alisoma silabi kwa silabi, kisha neno kwa neno, kisha, alipofika mahali palipoandikwa jina la darasa lao, alisoma mstari mzima bila kupumua. Sakafu nzima ikapiga makofi na miguu. Vumbi lilishuka kwenye kope za Mlingoti, naye hakulifuta.

"Mama," akanong'ona, kwa kuwa alivyoinama hakuweza kuona. "Chupa?"

Bibi alitazama hadi makofi yalipokwisha, na akatazama tena baada ya kwisha.

"Iko palepale," akasema. "Mwambie mke wako kwamba sikumtuhumu."

Mlingoti akainuka kwa furaha, akasahau. Sauti ya chuma ilisikika hadi darasani, na Mwalimu akadhani ni kengele, akawaruhusu wapumzike.

Kibao cha karakana bado kiko barabarani. Baada ya MAGHOROFA pameongezwa maneno mawili kwa rangi ile ile nyekundu, na aliyeyaandika alisimamiwa na mke wake, herufi kwa herufi: BAADA YA KUULIZA. Ni maneno matatu, lakini Mlingoti alihesabu mawili, na mkewe aliamua kumwachia hilo.

Nawe uliyefika hapa, umeshaupokea mzigo wa hadithi hii, nao ni mwepesi, kimo chake ni cha rula. Usibaki nao. Iko nyumba mtaani kwako ambayo mlango wake umeanza kukwama, na mwenyewe anamwita seremala. Mpitishie.